Tochi ya kuzamia usiku: lumeni 10,000 kwa bei ya chee, ninunue au nitajuta?

kasa_kijana (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa bahari. Niko Nungwi, nabeba mitungi kwenye boti za wageni, na mwaka huu mwalimu wetu kanishika mkono nimemaliza kozi ya pili ya uzamiaji. Mbizi ya usiku nimepiga moja tu, kwa tochi ya kuazima, na ile tochi kusema kweli ilikuwa inamulika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Nilimwona mkunga mmoja na mapezi ya mwenzangu, basi.

Sasa nataka yangu mwenyewe. Nimejibana nina laki mbili na nusu. Mtandaoni nimekuta moja imeandikwa lumeni 10,000, betri moja ya 18650 yenye 9900 mAh, inazama mita 100, elfu sitini na tano pamoja na chaja. Nyingine ni ya kampuni inayotengeneza vifaa vya wazamiaji, lumeni 1,000 tu, na inakula karibu mfuko wote.

Hesabu ya darasa la tatu inaniambia elfu kumi ni nyingi kuliko elfu moja. Nani kakosea hapa, mimi au duka?

watamu_chini

Duka limekosea, na wewe unajiandaa kulifuata. Usilipe kitu. Nitaandika vizuri nikitoka kazini, saa hii niko kwa boti.

mpita_njia88

Mimi hata kuogelea sijui, maji yakinifika magotini naanza kusoma dua. Lakini nakaa hapa hapa, uzi una harufu nzuri.

fundi_saketi

Mkuu kasa, mimi si mzamiaji, natengeneza simu na betri za bajaji Kariakoo. Lakini hiyo tangazo naweza kuichana bila kulowa.

18650 maana yake ni kipimo cha umbo: upana milimita 18, urefu 65. Ndani ya umbo hilo, betri nyingi nzuri zinazouzwa leo zinaishia kwenye 3500 mAh hivi (mAh ni kiasi cha umeme inachobeba, 1,000 zinafanya Ah moja). Anayekuandikia 9900 anakuuzia karatasi ya nje. Nenda nayo kwa sonara akuwekee kwenye mizani: ya kweli inacheza gramu 45 hadi 48. Nimewahi kupima "9900" moja ikaja gramu 30 na kitu. Ukiipasua (usipasue) unakuta kibetri kidogo na unga wa kujazia.

Sasa hesabu. Betri ya kweli: volti 3.6 mara 3.5 Ah, unapata kama wati-saa 12.6. Taa ya LED pamoja na saketi yake tuseme inatoa lumeni 100 kwa kila wati, na hapo sijawabania. Kwa hiyo betri moja ina lumeni 1,260 za kukutosha saa moja. Ukitumia 1,000, unakaa saa moja na robo. Ukitaka 10,000, inakuja dakika saba na nusu, na ingebidi itoe wati 100 kwa mkupuo, kitu ambacho betri moja ya namna hiyo haiwezi. Ingeweza, basi usingekuwa umeshika tochi, ungekuwa umeshika pasi.

Kwa hiyo hiyo ya elfu kumi ikiwa na bahati inatoa mia nane, na itakufia kabla hujarudi juu.

kasa_kijana

Duh. Sheikh umeniokolea elfu sitini na tano. Lakini sasa hata hiyo ya 1,000, nitajuaje haidanganyi?

fundi_saketi

Tafuta kama wameandika wamepima kwa kipimo cha Wamarekani kinachoitwa ANSI FL1. Kile kinataka mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, si ile sekunde ya kwanza taa ikiwa na furaha. Ila soma kwa jicho la mpangaji anayesoma mkataba: muda wa kuwaka kwenye kipimo hicho unahesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Tochi inaweza kuandikwa saa tatu, kumbe saa mbili za mwisho ni mkia wa kimulimuli. Watengenezaji waungwana wanachora mchoro wa mwanga kwa muda. Ukiuona mstari umelala sawa halafu unakatika ghafla, hiyo inashikilia mwanga. Ukiteremka kama mlima, ndiyo hivyo tena.

watamu_chini

Nimerudi. Fundi kamaliza upande wa umeme, mimi niingie majini.

Kasa, lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Haikuambii unaenda wapi. Ndoo moja ya maji unaweza kuimwaga sakafuni ikalowesha chumba kizima, au ukaipitisha kwenye mpira wa bustani ikafika kwa jirani. Ya kumwaga ndiyo mwanga mpana, digrii 100, 120, wa watu wa video. Ya mpira ni mwanga mwembamba, digrii 6 hadi 12, na huo ndio tochi ya mkononi ya mzamiaji.

Kwa nini mwembamba? Kwanza, unaingia kwenye mapango madogo ya matumbawe ambako kamba na mikunga wanakaa. Pili, na hii watu hawaifikirii dukani, tochi yako ndiyo mdomo wako. Usiku mikono haionekani. Unachora duara polepole kwenye mchanga mbele ya mwenzio: niko sawa, nawe? Unapeleka mwanga kushoto na kulia taratibu: hebu nitazame. Unaupeleka kushoto kulia kwa haraka, haraka, haraka: nina shida. Ukiwa na mwanga mpana, duara halionekani kama duara, ni mbingu yote inayumba tu. Mwenzio hajui kama unamwita au unakuna kichwa.

Tatu, maji yetu. Baada ya mvua za masika, maji ya mto Sabaki yakishuka, huku Malindi na Watamu bahari inakuwa chai ya maziwa. Washa taa pana yenye nguvu humo uone: ni sawa na kuwasha taa kubwa za gari kwenye ukungu wa Kinale alfajiri. Unaangaza ukungu, barabara huioni. Mwanga mwembamba unapenya, na ukiushika mbali kidogo na uso, ile vumbi ya majini haikurudishii mwanga machoni.

Elfu moja nyembamba inatosha kabisa kwa kuanzia. Mimi nazamia na 900, mwaka wa tano huu.

binti_maskati

Watamu, nakuunga mkono nusu. Mimi nazamia Oman, visiwa vya Daymaniyat, na nimeanza kwa hiyo nyembamba unayoisifu. Kwa mtu mgeni usiku, inatisha. Unaona duara moja dogo la mwanga na nje yake ni kiza cha kaburi, unaanza kuzungusha kichwa kama kuku. Mbizi yangu ya tatu tu nilimaliza hewa nusu ndani ya dakika kumi na tano kwa ajili ya hofu. Nilipopata tochi yenye mwanga mwembamba katikati na weupe hafifu pembeni, pumzi zikatulia.

Kasa, ukiwa dukani muulize muuzaji juu ya huo weupe wa pembeni. Ipo mipana ya digrii 20 au 25 ambayo ni ya kati na kati. Na uulize hizo digrii zimepimwa hewani au majini, maana kioo bapa kikizama, maji yanaukunja mwanga. Taa ya digrii 120 hewani, majini inabaki kama 80 tu. Nyembamba haibadiliki sana ukiitazama kwa macho, lakini wauza video lights wanalipenda sana hilo la hewani.

watamu_chini

Dada hapo umenishika, weupe wa pembeni ni kweli. Nimezoea hadi nimesahau. Wageni ninaowapeleka nawapa za digrii 20.

mzee_wa_karabai

Wanangu salaam aleikum. Nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia. Mimi nimevua dagaa kwa karabai miaka mingi Pemba, kabla hawajaja na hizi taa za betri. Sijawahi kuvaa mtungi. Lakini nawauliza, nyinyi mnaoshuka na taa kubwa chini, hawa vidudu hawawasumbui? Maana sisi taa tuliwasha makusudi. Ukiiweka taa sehemu moja, kwanza vinakuja vidogo visivyo na jina, halafu dagaa wanafuata vidogo, halafu wakubwa wanafuata dagaa. Ndiyo uvuvi wenyewe.

binti_maskati

Waaleikum salaam babu, shikamoo. Wanatusumbua haswa! Ukitulia dakika mbili na taa ya video unazingirwa na vijiminyoo vinavyozunguka kama mbu, vinaingia sikioni na kwenye nywele. Dawa yake ni hiyo hiyo uliyosema kwa kinyume: usikae sehemu moja, na punguza mwanga. Tochi yenye ngazi mbili au tatu za mwanga ni bora kwa sababu hiyo, na kwa kulinda betri. Mimi muda mwingi natumia ngazi ya kati. Ya juu naiwasha nikitaka kumwita mtu.

mzee_wa_karabai

Marahaba mjukuu wangu. Basi elimu ni moja.

daivu_diani

Naomba kuongeza mambo ya maji kuingia, maana huko ndiko pesa zinakokufa.

Tochi yangu ya kwanza iliingia maji Diani, kina cha mita 14. Sikujua. Iliendelea kuwaka, ikafifia, ikazima. Nikapanda na ya akiba. Nyumbani nikaiacha mezani, kesho yake jioni nikafungua kifuniko huku nimeielekeza usoni ili nione ndani. Ilipiga kama risasi ya maji ya soda. Kifuniko kilinipita sikioni kikachubua ukuta. Betri na maji ya chumvi vinatengeneza gesi, gesi haina pa kutoka. Tochi iliyoingia maji usiifungulie ndani ya nyumba, na mdomo wake uelekeze pasipo na mtu. Legeza kidogo kidogo. Betri iliyolowa, hata ikionekana nzima, usiichaji tena.

Kisa chenyewe kilikuwa nini? Unywele. Unywele mmoja wangu mwenyewe umelala juu ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji. Sikuweza kumlaumu mtu.

Kwa hiyo kwenye kuchagua: tafuta yenye oringi mbili kwenye kifuniko cha betri. Tazama kama oringi za akiba zimo kwenye boksi, na kama ni saizi ya kawaida unayoweza kuipata kwa wauza vipuri. Swichi napenda ya sumaku, ile ya kuteleza au ya kuzungusha pete juu ya bodi, kwa sababu haina tundu linaloingia ndani. Za kukaza kichwa ili iwake sizipendi hata kidogo: kila ukiwasha unaisugua oringi, na kina kikiongezeka maji yanakisukuma kichwa, tochi inaweza kujiwasha yenyewe.

Na msidanganywe na IPX8. Hiyo alama inasema tu kinavumilia kuzama kuliko mita moja kwa masharti aliyoyapanga mtengenezaji mwenyewe. Tafuta kina kwa mita, kimeandikwa wazi. Kila mita 10 unaongeza kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba ya kile kifuniko.

kasa_kijana

Kaka daivu, hizo oringi unapaka nini? Hapa kituoni mmoja anapaka Vaseline, mwingine nilimwona na mafuta ya nazi, wallahi.

daivu_diani

Hahaha mafuta ya nazi apake nywele zake. Grisi ya silikoni, ile ya wazamiaji, kijichupa kimoja kinakaa mwaka. Vaseline inategemea mpira wa oringi yako, ipo mipira inayovimba nayo, na wewe kwa macho huwezi kujua ni upi. Soma karatasi ya mtengenezaji kwanza.

Na usipake kama unapaka siagi mkate. Itoe oringi kwa kidole au kadi ya simu, si kwa kisu. Ifute, ipitishe kati ya vidole ukisikilizia mchanga, halafu grisi kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Grisi nyingi haizuii maji, inakusanya mchanga. Fanya kazi hiyo mchana, chumbani, feni imezimwa. Kubadilisha betri ndani ya boti jua limezama, mikono imelowa na nahodha anakwambia tushuke, hapo ndipo nywele zinapoingia.

Ukiniuliza, tochi nyingi haziingii maji huko mita thelathini. Kina kinaikandamiza oringi ikae vizuri. Zinaingia juu juu, wakati wa kuruka, au kwenye pipa la kuoshea mtu akichezea swichi.

mpita_njia88

Kifuniko kimempita sikioni. Na mimi nilikuwa nimeanza kushawishika.

watamu_chini

Kabla kasa hajalipa: umesema laki mbili na nusu kwa tochi moja. Hapana. Ni kwa tochi MBILI. Hili sitaki mjadala.

Tochi zote hufa, na zinapenda kufa usiku kwa sababu ndiyo wakati zinapotumika. Ya akiba iwe ndogo, rahisi, lumeni 300 hadi 500 zinatosha, maana kazi yake ni moja: kukutoa. Isiwe tata, swichi moja, kuwaka na kuzima. Ifungwe kwa kulabu kwenye pete ya jaketi, kifuani, mahali mkono unafika bila kutafuta. Ikiwa mfukoni chini ya boya na karatasi za pipi, huna ya akiba.

Ile kubwa ikizima unatoa ndogo, unamwonyesha mwenzio, mnageuka. Mbizi imeisha. Hakuna cha "tumalizie upande ule". Wale wa mapangoni wanashuka na tatu kila mmoja, sisi wa mwamba wazi mbili zinatutosha.

Ukitaka kujua tofauti ya betri zao: hiyo ndogo mimi naiweka ya AA za kawaida, za dukani. Kisiwani umeme ukikatika siku mbili, AA zipo hata kwa mangi.

fundi_saketi

Hapo kwenye AA naongeza: za kawaida za alkali zisikae ndani ya tochi miezi, zinatapika unga na kula chuma. Na kwenye ile kubwa, ukinunua 18650 ya akiba iwe na ulinzi, kile kisaketi kidogo kitakoni. Ila kinairefusha hadi milimita 69 au 70, kuna tochi hazikubali. Pima kwanza. Kama bado hujanunua, zipo za 21700, upana 21 urefu 70, zinafika 5000 mAh za kweli. Kwa lumeni 1,000 hiyo inakupa karibu saa moja na dakika hamsini, unapiga mbizi mbili na chenji inabaki.

binti_maskati

Na kwa wanaosafiri: betri za akiba hupanda nazo ndani ya ndege mkononi, haziwekwi kwenye mzigo wa chini. Kila moja kwenye kiboksi chake au uzibe ncha kwa tepu. Hizi zetu ni ndogo, hata wati-saa 20 hazifiki, wakati mpaka wa kutoomba ruhusa ni 100. Tochi yenyewe itoe betri. Nimeshaona begi la mtu linatoa mwanga kama jini uwanja wa ndege, tochi imejiwasha na inachemka. Hizi taa zinapozwa na maji, hewani zikiwaka kwa nguvu zote zinajiunguza.

kasa_kijana

Nimesoma yote mara mbili. Swali dogo: kuna mwenzangu anasema ninunue yenye taa nyekundu, samaki hawakimbii. Kweli?

watamu_chini

Nusu kweli. Viumbe wengi, hasa kamba na wenzao, nyekundu hawaioni vizuri, kwa hiyo hawajifichi. Lakini nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji. Mita tatu mbele haina kitu. Ni ya mpiga picha aliyejipanga mbele ya tundu, si ya kuogelea nayo. Kama tochi inayo, sawa, usiilipie zaidi.

Cha maana ni adabu ya mwanga wenyewe. Usimmulike mtu usoni, macho yakishazoea kiza unampofusha dakika kadhaa. Usimmulike aliyelala muda mrefu. Na kasa anayepanda kutaga pwani, huyo usimmulike kabisa (samahani kwa jina lako).

kasa_kijana

Haha, nimesamehe.

binti_maskati

Jambo moja la mwisho kwangu, si la ununuzi. Mkiwa mmetulia chini, wote pamoja, zibeni tochi kwenye vifua vyenu. Msizizime, zibeni tu. Subirini macho yazoee, halafu pungeni mkono. Maji yanatoa cheche. Huku kwetu majira ya baridi kuna kijidudu cha majini kinaitwa Noctiluca, kinajaa mchana bahari inakuwa kijani kama supu ya mchicha, usiku kila wimbi linawaka samawati. Lakini hata Zanzibar utaziona cheche, ilimradi usiende usiku wa mbalamwezi.

Hiyo ya kuziba pia ndiyo njia ya kumtafuta mwenzio akipotea. Ziba yako, zunguka duara zima, utaona mwanga wake. Ukiiacha yako wazi unaona ya kwako tu.

daivu_diani

Na mbalamwezi pevu huja na bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, mikondo inakuwa mikali. Mbizi zako za mwanzo panga maji mafu, siku bahari haijai wala kupwa sana, mahali ulipopajua mchana. Shuka machweo, saa kumi na mbili na nusu hivi, usingoje saa tatu. Kwetu huku jua likizama kiza hakichelewi, nusu saa tu. Ukishuka wakati huo macho yanazoea taratibu pamoja na bahari.

kasa_kijana

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa wiki tatu za kimya.

Nilinunua ya 21700, lumeni 1,200 kwa maandishi yao, mwanga digrii 10 na weupe pembeni, ngazi tatu, swichi ya sumaku, oringi mbili. Nimeipata kwa mzamiaji aliyekuwa anarudi kwao, imetumika msimu mmoja, laki moja na themanini. Nilifungua mbele yake, nikatazama kama kuna kutu kwenye mguso wa betri, hamna. Kwanza niliizamisha bila betri kwenye ndoo usiku kucha, imefungiwa tishu ndani. Asubuhi tishu kavu. Halafu mwalimu akashuka nayo mchana mita 25, tishu bado ndani, kavu tena. Ndipo nikaweka betri. Ya akiba nimepata ndogo ya AA mpya, elfu hamsini na tano. Nimebakiwa na elfu kumi na tano, nikanunua kijichupa cha grisi na soda.

Jana usiku tumeshuka watu wanne na mwalimu, mwamba wa karibu, mita 12, maji mafu. Dakika tano za mwanzo nilikuwa namulika kila kona kama mlinzi wa ghala. Mwalimu akanichorea duara, nikamchorea duara, nikatulia. Dada wa Maskati, weupe wa pembeni ni kweli kabisa. Niliweka ngazi ya kati muda wote.

Rangi ndizo zilizoniacha hoi. Mchana mwamba ule mita 12 ni buluu na kijivu, nimeuona mara mia. Usiku tochi ikiwa shubiri mbili tu, kuna nyekundu, kuna chungwa, matumbawe mengine yametoa vijimkono vyake nje vinakula. Dome mmoja, yule nduguye ngisi, alibadilisha rangi mara nne mbele yangu.

Halafu nikamwona pono. Maisha yangu yote mama ananiambia "unalala usingizi wa pono", nikadhani ni maneno tu. Kalala ubavu kwenye mwanya wa jiwe, amejizungushia utando wa ute kama chandarua, unaona mapezi yanapumua ndani taratibu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha mkono na hakutikisika. Mwalimu anasema si pono wote wanaofanya hivyo, na ule utando unawakinga na vidudu vinyonya damu. Chandarua kweli kweli. Nikageuza mwanga pembeni nikamwacha.

Tulipofika juu nikaingiza tochi kwenye lile boya refu la kujaza hewa, likawaka lote kama taa ya harusi, nahodha akaja moja kwa moja. Hiyo hamkuniambia, kanifundisha mwalimu.

Betri ilikuwa bado zaidi ya nusu.

watamu_chini

Safi sana. Boya hilo tulisahau kweli, umetufunza. Kuipima tochi kwa tishu kabla ya betri, wengi wana miaka kumi baharini na hawafanyi.

mpita_njia88

Nimeulizia bei ya masomo ya kuogelea. Sijasema nitajiunga. Nimeulizia tu.

daivu_diani

Kasa, hongera. Umeiosha kwa maji yasiyo na chumvi?

kasa_kijana

Nimeiloweka nusu saa, nimeifuta, iko mezani inakauka.

daivu_diani

Na betri umetoa?

kasa_kijana

Ngoja nikatoe.